Jinsi ya Kumfundisha Mtoto Kutunza Maji Bila Kumhubiria

Siku moja niliwakuta watoto watatu kwenye sinki la kunawia wanaimba kwamba maji ni uhai. Waliimba vizuri, mikono juu, kama walivyofundishwa. Nyuma yao bomba lilikuwa wazi, maji yanaingia shimoni, na hakuna aliyegeuka. Wimbo huo niliwafundisha mimi.

Tangu hapo nimeacha kujibu kwa wimbo wala bango, ingawa maswali yanayonijia kutoka kwa wazazi na walimu wenzangu ni yaleyale. Nianze akiwa na umri gani? Nimweleze nini? Mbona nikimwangalia anafunga bomba, nikigeuka analiacha? Jibu langu limebaki moja: mpe mtoto kitu cha kupimia. Mtoto aliyeona kwa macho yake ndoo inajaa maji ya kupigia mswaki anakuwa mkali kuliko wewe. Aliyeambiwa tu, utaendelea kumwambia.

Hatua zilizo hapa chini zinafaa kwa mtoto mmoja nyumbani au kwa darasa zima, kwenye nyumba ya mabomba au ya madumu.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ndoo ya lita 20, au chombo chochote kikubwa unachojua ujazo wake.
- Jagi au chupa ya lita 1 yenye alama za mililita. Kama haina alama, tumia chupa ndogo inayojulikana ujazo wake, mimina humo, chora mstari kwa kalamu isiyofutika.
- Kijiko cha chai.
- Vyombo vitatu vidogo vya kuonea, vya kioo au plastiki angavu.
- Beseni.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Rangi ya chakula, kama mna choo cha kuvuta maji.
- Daftari na penseli. Daftari liwe la mtoto, lenye jina lake, si lako.

Tenga kama nusu saa kwa kila hatua, na usifanye zote siku moja. Mimi huzitandaza katika wiki mbili au tatu, ili mtoto apate siku za katikati za kuchunguza mwenyewe bila mtu mzima kumsimamia.

Onyo kabla ya tone la kwanza: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu, na ndoo ni hatari kwake kwa sababu akiingia kichwa hawezi kujinyanyua. Usiiache ndoo yenye maji hata dakika moja ukaenda kupokea simu. Somo likiisha, maji yaende panapotakiwa, ndoo ifudikizwe.

## Hatua ya 1: Jichunguze wewe kwanza

Siku mbili kabla ya kuanza, angalia unavyonawa, unavyoosha vyombo na unavyopiga mswaki. Usibadilishe kitu, angalia tu. Mimi nilipojichunguza niligundua kwamba huacha bomba wazi ninapotafuta sabuni, na tena ninapotafuta taulo. Mtoto alikuwa ameshaiona tabia hiyo miaka mingi kabla yangu.

Rekebisha moja au mbili kimyakimya. Ukianza kufundisha na tabia hizo unazo, mtoto atafuata mkono wako na kuyaacha maneno yako.

## Hatua ya 2: Fuateni maji tangu asubuhi

Mwambie mtoto ataje kila alichofanya tangu aamke ambacho kimegusa maji. Mwanzoni atataja vitatu: kunawa, kunywa, kuoga. Usimsaidie haraka, kaa kimya. Polepole vitakuja vingine: nguo aliyovaa ilifuliwa, sahani ilioshwa, chakula kilipikwa, mmea ule dirishani ulinyweshwa.

Kisha mwambie: sasa yatoe maji. Kwenye kila kitu alichoorodhesha, maji hayapo. Asubuhi ile ingekuwaje? Kazi yako hapa ni kusikiliza tu. Watoto wa miaka mitano wana majibu ya kuchekesha na ya kweli kuliko ya kitabu chochote.

Kwa mkubwa kidogo, ongeza jambo la mwili. Mwili wa mtu mzima karibu asilimia 60 ni maji, na wa mtoto mchanga ni karibu asilimia 75. Asilimia haina maana kwa mtoto wa miaka saba, kwa hiyo ibadili iwe ndoo: mtoto wa kilo 20 amebeba kama lita 12 za maji ndani yake. Mjazie lita 12 ndooni azitazame. Halafu atajitazama tumbo.

## Hatua ya 3: Ndoo ya dunia

Hatua hii usiiruke, na usiikimbize.

Jaza ndoo lita 20. Mwambie mtoto hayo ndiyo maji yote ya dunia: bahari, maziwa, mito, barafu, na yaliyo chini ya ardhi. Muulize: tukitaka kunywa, tunaweza kutumia kiasi gani humu? Mwache achote kwa kikombe anachodhani. Wengi huchota nusu ndoo.

Sasa fanyeni hivi, mtoto akipima kwa mkono wake:

1. Chota mililita 500, weka kwenye jagi. Hayo ni maji baridi yote ya dunia, yasiyo na chumvi. Yaliyobaki ndooni, lita 19 na nusu, ni ya chumvi. Ukitaka akumbuke, tia chumvi kiganja kimoja ndooni, koroga, mpe aonje kwa ncha ya kidole.
2. Kutoka kwenye jagi, mimina mililita 350 kwenye chombo cha kwanza. Haya yameganda: barafu ya ncha za dunia na ya milima mirefu. Hatuwezi kuyafungulia bomba.
3. Zilizobaki ni mililita 150, nazo karibu zote ziko chini ya ardhi. Zimimine kwenye chombo cha pili, ukifunike kwa kitambaa cheusi. Visima hufika kwa sehemu tu ya haya. Mengine yako kina kirefu mno.
4. Funua kitambaa kidogo, chota humo robo ya kijiko cha chai, weka kwenye chombo cha tatu. Hayo ndiyo maziwa na mito yote unayoweza kuyaona ukiwa umesimama.

Nyamaza. Mwache mtoto aangalie chombo cha tatu, kisha ndoo, kisha chombo cha tatu. Karibu kila mara huuliza, "Haya tu?" Jibu lako ni "Haya tu." Usiongeze neno. Hapa ndipo watu wazima wengi huharibu, wanaanza kuhutubia wakati mtoto ameshaelewa peke yake.

Robo kijiko ikionekana ndogo mno kwa macho ya darasa zima, tia tone moja la rangi. Na maji ya chumvi ya ndoo hiyo yamwage chooni au yasafishie sakafu. Usimwagie mimea, chumvi itaiua. Wakati mmoja nilimwaga ndoo hiyo kwenye maua ya mtu, na somo langu la kutunza maji likaishia kwenye kuomba radhi.

## Hatua ya 4: Yabebe

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndoo ya lita 20 kwa hiyo ni kilo 20, yaani mtoto wa umri wa shule aliyejikunja.

Mpe mtoto wa miaka sita au saba chupa mbili za lita 1, azunguke nazo nyumba au uwanja kwa dakika tano. Usizidishe uzito, lengo si kumkomoa. Akirudi, muulize ni mizunguko mingapi ingehitajika kuleta maji ya kuoga.

Kwa ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023, kati ya kila nyumba 10 duniani ambazo hazina maji nyumbani, 7 huwategemea wanawake na wasichana kuyachota. Mtoto wa miaka tisa na kuendelea anaweza kuambiwa hilo, na maswali atakayouliza yanastahili jibu la kweli.

Kama nyumbani kwenu maji huchotwa, ruka zoezi la kubeba. Mtoto huyo anajua kuliko wewe. Mwambie yeye ndiye awafundishe wenzake namna ya kubeba bila kumwaga.

## Hatua ya 5: Pima bomba

1. Fungua bomba kama mnavyolifungua siku zote, si kwa uangalifu wa siku ya wageni.
2. Kinga kwa jagi kwa sekunde 10 kamili. Mtoto mmoja ashike jagi, mwingine saa.
3. Funga, soma alama, zidisha mara 6. Hiyo ndiyo kasi ya bomba lenu kwa dakika.
4. Maji yaliyokingwa yasimwagwe. Yaende kwenye chungu cha maua, birika au ndoo ya choo. Ukimwaga maji ya somo la kutomwaga maji, watakukumbusha mpaka wawe watu wazima.

Tuseme jagi lilijaa lita 1. Bomba hilo linatoa lita 6 kwa dakika. Kupiga mswaki dakika mbili bomba likiwa wazi ni lita 12. Sasa mwambie mtoto apige mswaki kwa kikombe kimoja cha mililita 250, asuuze humo, aone kama kinatosha. Kinatosha, na huwa kinabaki.

Hesabu iandikwe na mtoto mwenyewe daftarini: asubuhi na usiku, lita 24 dhidi ya nusu lita. Watu wanne nyumbani, lita 96 dhidi ya lita 2. Lita 96 ni karibu ndoo tano. Zipangeni ndoo tano sakafuni, hata tupu. Namba daftarini husahaulika, ndoo tano zilizopangwa mstari hazisahauliki.

Nyumba isiyo na bomba ipime kata. Kata moja ina mililita ngapi? Kuoga ni kata ngapi? Mtoto ajaribu kupunguza mbili tu, kisha aseme kama amebaki na povu masikioni.

Shawa ipimeni vilevile, kwa ndoo badala ya jagi. Majibu hutofautiana sana kutoka nyumba hadi nyumba, ndiyo maana sikupi namba ya jirani.

## Hatua ya 6: Msako wa uvujaji

Watoto huipenda hatua hii kuliko zote kwa sababu inafanana na upelelezi. Mpe mtoto cheo: mkaguzi wa maji.

Bomba linalodondosha. Weka kikombe chini yake kwa saa moja. Tuseme mmepata mililita 250. Zidisha mara 24: ni lita 6 kwa siku. Kwa mwaka ni lita 2,190, yaani zaidi ya madumu 109 ya lita 20. Haba na haba hujaza kibaba, na wenye methali hiyo hawakusema kwamba hukimwaga vilevile. Mara nyingi tatizo ni mpira mdogo wa ndani ya koki uliochakaa. Mwite mtoto aone fundi anavyoubadilisha.

Choo cha kuvuta. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo. Msivute maji kwa dakika 15 hadi 30. Rangi ikionekana bakulini bila mtu kuvuta, tangi linavuja ndani kwa ndani. Uvujaji huu hauna sauti, unaweza kuendelea miezi bila mtu kujua.

Mita ya maji. Usiku, baada ya mtu wa mwisho kumaliza, mtoto aandike namba za mita. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kufungua bomba, asome tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Ila kama mna tangi la juu linalojijaza lenyewe, subirini lijae kwanza ndipo mwandike namba za usiku. La sivyo mtamtafuta mwizi ambaye ni tangi lenu wenyewe.

Wengine hushauri kuweka tofali kwenye tangi la choo ili litumie maji machache. Usiweke tofali, humomonyoka na vipande vyake huharibu vifaa vya ndani. Weka chupa ya lita 1 iliyojazwa maji na kufungwa vizuri, mbali na vitu vinavyosogea. Hii ni kwa vyoo vya zamani vinavyomeza lita 9 au zaidi. Vipya vingi hutumia lita 6 au pungufu, na ukivipunguzia tena mtavuta mara mbili, na hesabu itageuka.

## Hatua ya 7: Daftari la wiki moja

Kwa siku saba mtoto aandike maji ya nyumba nzima kwa makadirio: kuoga, kufua, vyombo, choo, kupika, kunywa, mimea. Asidai usahihi wa mililita. Alama ya mstari kwa kila ndoo inatosha kwa mdogo, na mkubwa atumie kasi ya bomba aliyoipata kwenye Hatua ya 5.

Mwisho wa wiki gawanyeni kwa siku saba, kisha kwa idadi ya watu. Hapo msimulie habari ya Cape Town. Baada ya ukame wa miaka mitatu mfululizo, mabwawa ya jiji hilo yalipungua hadi serikali ikatangaza kwamba huenda mabomba yakafungwa na watu wapange foleni kwa maji ya mgao. Kuanzia 1 Februari 2018 kila mkazi alitakiwa asizidishe lita 50 kwa siku, kwa kila kitu. Watu wakaoga wamesimama ndani ya beseni, maji hayohayo yakaenda kuvutia choo. Siku ya kufunga mabomba, walioiita Siku ya Sifuri, haikufika.

Lita 50 ni ndoo mbili na nusu. Ziwekeni mbele ya mtoto, mwambie azigawe kwa siku moja kwa karatasi: ngapi za kunywa, ngapi za kuoga, ngapi za choo. Atagundua mwenyewe kwamba choo kinamaliza ndoo kabla hajafika jikoni.

Kama hesabu yenu tayari iko chini ya lita 50 kwa mtu, usimwambie mtoto apunguze. Familia hiyo haina cha kubana. Ielekeze nguvu kwenye kuyatunza yawe safi: chombo chenye mfuniko, kata yenye mpini mrefu, mikono isiingie ndani.

## Hatua ya 8: Kazi moja ya kudumu

Usimpe mtoto kanuni kumi za kubandika ukutani. Mpe kazi moja iliyo yake, ambayo asipoifanya itaonekana. Hizi zimewahi kufaa:

- Mdogo: kukagua kama mabomba yamefungwa kabla ya kulala.
- Wa miaka saba hadi kumi: maji ya kusuuzia matunda na mboga yakingwe kwenye beseni, ayapeleke kwenye mimea asubuhi au jioni, jua likiwa limepoa.
- Mkubwa: msimamizi wa maji ya mara ya pili. Maji ya mwisho ya kusuuzia nguo yasafishe sakafu au yavutie choo.

Maji ya mara ya pili yana masharti. Yatumike siku hiyohiyo, yakilala yananuka na kuzalisha vijidudu. Yasinywewe na mtu wala mnyama. Yenye sabuni yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi. Yaliyofulia nepi, au yenye dawa ya kung'arisha nguo, yamwagwe tu, hapo hakuna cha kuokoa.

## Hatua ya 9: Mvua, kwa mwenye miaka kumi na kuendelea

Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mtoto akijua hilo, paa linageuka kuwa hesabu. Aweke mkebe wenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mvua ikikatika apime kina kwa rula. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 30 ni lita 300. Kiasi fulani hupotea kwa kuruka na kukauka, ila hata mkiondoa robo, bado yanabaki madumu 11 na kitu.

Maji ya kwanza ya mvua huosha vumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa, kwa hiyo yaacheni yapite kabla ya kukinga. Chombo cha kukingia kifunikwe. Mbu aenezaye dengi hupenda kutaga kwenye maji ya aina hiyo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama wiki moja hadi siku kumi tu.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

*Kumtisha mtoto.* Niliwahi kueleza ukame kwa maneno makali mno. Wiki iliyofuata mama mmoja akaniambia mwanawe amekataa kunywa maji shuleni "ili yasiishe". Tangu siku hiyo huanza kwa kusema wazi: maji ya kunywa hayabanwi, unakunywa kila unapoona kiu.

*Kubana maji ya kunawa mikono.* Kosa hili ni ndugu wa hilo la juu, na lina madhara zaidi. Mtoto anayeruka sabuni baada ya choo ili "aokoe maji" anaokoa kikombe na kununua kuhara. Mfundishe kulowesha, kufunga bomba, kusugua kwa sekunde 20, kisha kufungua na kusuuza. Kinachobanwa ni bomba katikati ya kusugua, si kunawa.

*Kutumia maji kama adhabu.* Ukimwambia aliyekosea akateke maji au akasafishe bafu, umefuta wiki mbili za kazi.

*Kusubiri tarehe.* Siku ya Maji Duniani huadhimishwa 22 Machi kila mwaka tangu 1993. Ni siku nzuri ya kuonyesha madaftari, lakini bomba hudondosha na tarehe 23.

*Kusifia kupita kiasi.* Akifunga bomba, usimpigie makofi kila mara. Mtu hasifiwi kwa kufunga mlango.

Ukikwama

*"Mtoto anasema maji hayaishi, yanazunguka: bahari, mawingu, mvua."*
Mpongeze, amesikiliza darasani. Ni kweli, maji hayapotei duniani. Kinachopotea ni maji safi yaliyo karibu. Mfano ninaoutumia ni shati: ukilichafua halijatoweka duniani, ila asubuhi huna la kuvaa mpaka lifuliwe, likauke, lipigwe pasi. Maji ya bomba yamevutwa kwa pampu, yamechujwa, yametiwa dawa, yakasukumwa hadi kwenu. Ukiyaacha yaingie shimoni, yatarudi, lakini huenda yakarudi miezi mingi baadaye, mahali pengine, machafu, au baharini. Akitaka kuona, chukua maji ya bomba kikombe kimoja, tia kijiko cha udongo na tone la mafuta, mwambie ayarudishe yalivyokuwa. Mpe pamba, mchanga, changarawe na chupa iliyokatwa kitako. Yatatoka maangavu kiasi, hayatatoka safi. Yasinywewe, hata yakionekana kama ya chupa. Mchanga hauondoi vijidudu vyote.

*"Mvua inanyesha nje, anauliza kwa nini abane."*
Mpeleke nje akaone mvua inakokwenda. Nyingi inapita kwenye mtaro. Yaliyo kwenye bomba ni ya bwawa, mto au kisima, na hayajui kama leo kumenyesha kwenu.

*"Anafunga nikiwapo tu."*
Ina maana anafunga kwa ajili yako. Rudi Hatua ya 5, pimeni tena, safari hii yeye ndiye akupime wewe. Na hakikisha bomba lenyewe halihitaji nguvu ya mtu mzima kulifunga. Nimewahi kumgombeza mtoto wiki nzima kumbe koki ilikuwa ngumu kwa vidole vyake.

*"Ana miaka mitatu, haelewi."*
Miaka mitatu ni umri wa kuiga. Acha ndoo ya dunia kwa sasa. Mpe kumimina kutoka kikombe hadi kikombe juu ya beseni, ukiwa umekaa naye, na ndoo ndogo ya kumwagia ua moja lililo lake.

*"Ni kijana wa miaka kumi na minne, anaona ni mambo ya watoto."*
Achana na mswaki, mpe maji yasiyoonekana. Karibu asilimia 70 ya maji baridi ambayo binadamu huyachota hutumika kwenye kilimo. Shati moja la pamba hukadiriwa kumeza karibu lita 2,700 tangu shambani hadi dukani. Mwache abishane na namba hiyo, atafute, apinge. Kijana anayebisha anafanya kazi.

*"Shule nzima ina bomba moja na foleni ndefu, hakuna muda wa kupima."*
Pimeni foleni. Wangapi wanakunywa kwa kiganja, na ni kiasi gani kinaanguka chini? Weka beseni chini ya bomba hilo wakati wa mapumziko moja, mpime kilichokingwa. Watoto wenyewe wataanza kudai vikombe.

*"Sasa ananikosoa mbele ya wageni."*
Funga bomba, kisha endelea na mazungumzo yako.